Kaa wa Ufaransa kwenye Maji ya Hail

Nimeolewa na mtu wa bahari, na tangu siku ya kwanza hajaniacha nisahau kwamba mimi ni mtu wa ziwa. Kwao ni Unguja. Mimi nilizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, baba akiuza vitambaa, na samaki wa nyumbani kwetu walikuwa ndagala na mukeke kutoka Ziwa Tanganyika. Familia yetu ilipohamia Maskati nilikuwa nimeshamaliza shule ya masista, kwa hiyo nilishuka kwenye ndege na Kiswahili cha Buyenzi, Kiarabu cha kuokoteza, na Kifaransa kilichonyooka. Mawifi zangu walikiona Kifaransa hicho kama vyombo vya kabatini: vizuri, lakini nani atavitumia? Mume wangu ndiye aliyekipatia kazi. Alianza biashara ya kuleta kaa kutoka Ufaransa.

Najua inavyosikika. Oman ina pwani isiyokwisha, na ukienda soko la samaki la Mutrah asubuhi utakuta kaa, kamba, ngisi na pweza mpaka macho yachoke. Nasi tulikuwa tukiwasafirisha kaa kwa ndege, wamelala kwenye maboksi meupe kama wagonjwa, kutoka upande wa pili wa dunia. Shemeji zangu walicheka mpaka wakakohoa. Lakini hoteli za ufukweni zina wageni wanaotaka kula walichokizoea kwao, na mpishi mkuu wa hoteli moja, mteja wetu mkubwa, alikuwa ameandika kwenye orodha yake ya vyakula kwamba kaa na kombe wake ni wa kuvuliwa baharini, si wa kufugwa. Neno hilo, wa kuvuliwa, ndilo lililotulisha. Samakigamba kama chaza na kome wanaoliwa Ulaya siku hizi wengi wao wanafugwa, wanakuzwa kwenye kamba zinazoning'inia majini na kwenye vichanja kama mboga za bustani, na kampuni yoyote kubwa ya Dubai inaweza kukuletea hata kesho. Wa kuvuliwa ni jambo jingine. Wa kuvuliwa unahitaji kumjua mtu.

Sisi tulimjua mtu. Alikuwa mvuvi wa pwani ya magharibi ya Ufaransa, mtu mzima wa makamo ya mume wangu, mwenye mashua yake na madema yake ya kunasia kaa. Alikuwa akikusanya kaa wake na wa wenzake wa gati moja, anachagua wakubwa walio hai, anatutumia. Sijawahi kumwona. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa redio iliyokuwa haizimwi nyuma yake. Kila wiki tulipiga simu kutoka ofisini kwetu mtaa wa Hamriya, chumba kimoja cha meza mbili kando ya chumba cha baridi cha kuhifadhia kaa, juu yetu fundi cherehani, chini yetu duka la mabegi. Niliiweka simu mezani kwa sauti kubwa, mume wangu akakaa karibu yangu akinipa maswali kwa Kiswahili, nami nikayapeleka kwa Kifaransa na kurudi na majibu. Wanaume wawili wakazoeana hivyo, kupitia kinywani mwangu. Walikuwa wakiulizana hali za watoto.

Nataka nieleze chumba kile cha baridi kilikuwa nini kwa mume wangu, maana bila hilo yaliyofuata yataonekana ni mambo ya kaa tu. Aliacha kazi ya wizarani kabla ya wakati wake. Kaka zake wote wawili ni watu wa serikali, watu wa kanzu zilizopigwa pasi na mikutano, na walimwambia mbele ya mama yao kwamba mtu mzima haachi kiti kwenda kunuka shombo. Hakuwajibu. Kila kaa aliyefika mzima hotelini ndiye alikuwa jibu lake. Mimi nilijua, kama ninavyojua kiganja changu, kwamba chumba kile kikifungwa, mume atakayerudi nyumbani kwetu Ghubra hatakuwa yule ninayemjua. Nilikuwa naogopa jambo hilo kuliko nilivyoogopa njaa.

Miaka ya mwanzo ugomvi wetu na Mfaransa ulikuwa mmoja: ana kaa wengi, sisi tunachukua wachache. Alikuwa akinilalamikia kama mama aliyepika na watoto hawali. Kisha akaacha kulalamika. Nakumbuka niliona ni nafuu. Sikujua kwamba nilichokisikia ni kaa wakipungua.

Halafu wakaja pweza.

Alituambia siku moja kwamba madema yanapanda juu na pweza ndani, amekaa kitako, na kaa aliyekuwa humo amebaki gamba. Kombe nao, wavuvi wanawavuta kutoka chini wakiwa wamefunguliwa na kuliwa. Maji ya pwani yao yamepata joto, akasema, na pweza waliokuwa wakikaa kusini wamepanda kaskazini na kupapenda.

Nikamtafsiria mume wangu. Akacheka, akapiga paja.

"Pweza? Mwambie atuletee pweza huyo. Nazi nnayo, ndimu nnayo. Mwambie huku kwetu hiyo si balaa, hiyo ni karamu."

Nilimpelekea Mfaransa maneno hayo, nikiwa nami nacheka.

"Bibi," akasema, "pweza mmoja ameshakula kazi yangu ya wiki. Mwambie mumeo nitafurahi akija kumpika mwenyewe."

Niliacha kucheka. Mume wangu hakuacha. Mtu wa Unguja humwambii kwamba pweza ni adui. Ni kama umwambie mtu wa Buyenzi aogope wali na maharage. Na la ajabu, msimu uliofuata pweza wenyewe wakapungua, bila kaa kurudi. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi wa kweli. Ningemwelewa mwizi anayebaki nyumbani alimoiba. Huyu alikula akaondoka, na nyumba ikabaki tupu.

Nikaanza kusoma. Kulikuwa na jarida la wafanyabiashara wa samaki la huko Ulaya, mume wangu alilipia ili nimsomee bei, nami nikawa nasoma na yasiyohusu bei. Nilisoma habari za minada ya bandarini inayofungua milango siku chache kuliko zamani. Kaa wamepungua huku, kamba wa matopeni wamepungua kule, mahali pengine kombe wamepanda na watu wanapongezana, na mwaka unaofuata habari za kombe hao hazipo tena. Ukisoma toleo moja unapata moyo. Ukiyasoma yote pamoja, mstari ni mmoja na unateremka: samakigamba wabichi wa kuvuliwa wanakuwa wachache, na nafasi yao inachukuliwa na wa kufugwa na wa kugandishwa kutoka nchi za mbali. Nilimwekea mume wangu mezani, nikamfafanulia ukurasa kwa ukurasa.

"Ni msimu," akasema.

"Msimu gani unaochukua miaka?"

"Bahari inatoa, inapumzika, inatoa tena. Mie bahari nnaijua tangu sijajua kuvaa suruali. Weye mwenzangu unajua bakuli." Bakuli ni jina lake la Ziwa Tanganyika.

Nilikasirika siku ile. Nilimwambia bakuli hilo lina kina ambacho akili yake haifiki, nikatoka, nikaenda kununua ndizi ambazo hatukuzihitaji. Siku zote nimekuwa mtu wa hasira ya haraka. Lakini chini ya hasira kulikuwa na huruma, maana niliona alivyoyashika yale majarida: kwa ncha za vidole, kama majibu ya hospitali ambayo mtu hataki kuyafungua.

Mwaka huo ukafika wakati wa kufanya upya mkataba wa hoteli. Mpishi mkuu alikuwa mtu muungwana, anaongea taratibu, na alituita mkahawani kutuambia kwa upole kwamba wenye hoteli wanachoka na wiki za kuambiwa kaa hawakupatikana. Kulikuwa na karamu kubwa inakuja, wageni wengi, meza ndefu za kaa kama zile za kwao. Tukiitimiza karamu hiyo, atapeleka jina letu kwa wenye hoteli kwa mwaka mwingine. Tukishindwa, atachukua kome na chaza wa kufugwa kutoka Dubai na kubadilisha maandishi kwenye orodha yake. Hakututisha. Alisema tu lilivyo, na kahawa akalipa yeye.

Tukampigia Mfaransa. Nikamweleza karamu, nikamweleza mkataba. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia na lake. Serikali yao ilikuwa ikiwapa fidia wavuvi wanaokubali kuacha. Unatia saini, mashua inakokotwa pwani na kuvunjwa, basi. Wenzake kadhaa wa gati walishakubali. Fomu yake ilikuwa juu ya meza ya jikoni na mwisho wake ulikuwa Jumatatu baada ya karamu yetu. Wanunuzi wa pale kwao walishahamia kwa kaa wa kugandishwa. Sisi wa Maskati ndio tuliobaki tunaotaka kaa mkubwa, mzima, anayetembea, na kumlipia anavyostahili.

"Nitawakusanya wote gati zima," akasema. "Wakifika kwenu hai, na huyo mpishi wenu akitaka tena, nitabaki na mashua msimu huu. Wasipofika, nitatia saini. Nimechoka kubahatisha."

Nikamtafsiria mume wangu neno kwa neno. Nadhani ndipo alipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba si chumba chetu peke yake kilichokuwa kikining'inia.

"Mwambie atume," akasema. "Mie hapa ntawapokea kama wageni wangu."

Wakafika asubuhi ya siku ya karamu. Ndege ilikuwa imechelewa kule ilikobadilishwa, na maboksi yalikaa kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege wa Seeb muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Lakini walikuwa wengi kuliko tulivyowahi kupokea. Mfaransa alikuwa amekomba gati. Mume wangu alifungua boksi la kwanza akasema mashallah, la pili akasema mashallah, na dada wa Kisumu, aliyekuwa akitusaidia kufungasha na kuosha tangu tulipoanza, akawa anapanga maboksi mpaka mlangoni. Kaa wakubwa, wekundu wa udongo, magando mazito yenye ncha nyeusi. Walikuwa wamechoka. Vinywani walikuwa na povu, na ukiwagusa walijibu kwa uvivu.

Tangi letu lilikuwa dogo. Maji yake tuliyatengeneza wenyewe, chumvi ya bahari ya kwenye pakiti na maji safi, na mashine ikiyapoza yakawa baridi ya kuuma mfupa. Kwa kaa wa kawaida lilitosha. Kwa hawa lilimeza nusu, na nusu ikabaki nje. Mfaransa alishatufundisha zamani: tangi likijaa, waache kwenye maboksi yao, wafunike kwa gunia bichi, weka kwenye chumba cha baridi, usiwasumbue. Nikamkumbusha mume wangu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya boksi moja akiangalia povu.

"Hawa wanaomba maji," akasema.

"Wanaomba waachwe."

"Kiumbe cha baharini, kimetoka baharini, kiko mji wa bahari, nami nikifungie kwenye boksi? Haya maji ya pakiti nayo ni maji? Hawa wanataka bahari yenyewe. Ukimtia samaki kwenye bahari yenyewe anarudi. Nnalijua hilo."

Nikasema bahari ya kwao ni baridi. Akasema bahari ni bahari. Nikasema hata Mfaransa amesema. Akasema Mfaransa hajaiona bahari ya Hail, pwani yetu ya hapa Maskati. Halafu akanitazama kwa lile tabasamu lake, akasema, "Mtu wa bakuli, leo nipishe." Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake kwa muda mrefu. Nilikuwa na neno jingine mdomoni. Nilimwona alivyofurahi, na nikampisha.

Wakaenda Hail, yeye na dada wa Kisumu, gari limejaa madumu. Walirudi suruali yake ikiwa imelowa mpaka magotini, kanzu yake ya dishidasha amekwishaivua kitambo, mchanga kwenye vidole vya miguu. Aliingia baharini mwenyewe kuchota maji mahali mawimbi yanapopiga, akasema, kwa sababu maji yaliyotulia hayana uhai. Tulikuwa mwezi wa kumi. Jua la Maskati mwezi huo watu wanalisifu kwa sababu wametoka kwenye la Agosti, lakini bahari haijui kwamba Agosti imekwisha. Nilitia mkono kwenye beseni la kwanza walilojaza. Maji yalikuwa ya kumwogeshea mtoto mchanga.

"Ya moto haya," nikasema.

"Ya moto wapi? Na hiki kiyoyozi ni cha nini?"

Akawatia kaa taratibu, mmoja mmoja, anawashika nyuma ya gamba kama nilivyomwona akiwashika watoto wetu kuwaingiza majini pwani ya Qurum. Na wallahi walichangamka. Walinyoosha miguu, wakapandana, magando yakafunguka. Mume wangu akaniita nije nione, akamwita dada wa Kisumu, akamwita fundi cherehani wa juu. Kwa muda ule niliamini kwamba mimi ndiye nisiyejua kitu. Niliona haya kwa kuwa nilimbishia. Kisha, kwa moyo huohuo mwema, akaona si haki wale wa kwenye tangi wakose. Akatwaa dumu moja na jingine akawamiminia, "na wao waonje", na mashine ya kupoza ikaanza kulalamika kwa sauti ambayo hakuna aliyeijali.

Ikafika Alasiri. Akaenda msikitini, mimi nikasali ofisini. Tulikuwa tumekubaliana na mpishi kwamba gari lake lije baada ya hapo.

Dada wa Kisumu ndiye aliyetangulia kuona. Alisimama mlangoni akaniita, "Madam, kuja kidogo."

Kwenye mabeseni walikuwa wametulia wote. Miguu ilikuwa imelegea, inachezwa na maji, haichezi yenyewe. Nilimwinua mmoja, gando likaning'inia. Kwenye tangi wachache walikuwa wakijikongoja pembeni, chini ya bomba la baridi, na nilipowatenga hawakutosha hata meza moja. Harufu ilikuwa haijaanza, lakini nilijua inakuja. Nilikaa pale mkono ukiwa majini, maji yale mazuri ya vuguvugu, na kilichonijia kichwani ni maneno ya Mfaransa kuhusu pwani yao: kwamba maji yamepata joto, na kaa wameondoka. Kule jambo hilo limechukua miaka na hakuna aliyeliona likitokea. Sisi tulilifanya kati ya Adhuhuri na Alasiri.

Mume wangu alirudi na shali ya msikitini bado mabegani. Aliangalia. Akamwinua mmoja, akamrudisha. Akamwinua mwingine. Aliwainua wengi, na kila mmoja alimweka tena majini kwa upole, kana kwamba bado anaweza kumwumiza.

"Bahari ni bahari," akasema, lakini safari hii kama anayeuliza.

Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa na Tanganyika na bakuli na majarida na Mfaransa, vyote vimejipanga ulimini. Sikusema hata kimoja, na si kwa wema. Nilikuwa na hasira iliyopita maneno, na nilikuwa na hofu, na nilikuwa namwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Nilimpigia mpishi mimi. Alinisikiliza. Aliuliza kama wapo walio hai, nikamwambia idadi yao haina maana. Akasema anasikitika, na kwamba ana kome wa kufugwa wa kutosha waliofika jana kutoka Dubai, aliwaagiza kwa kujihadhari. Nilitamani angefoka. Mtu anayekufokea bado anakutegemea. Gari lake halikuja.

Karibu na sala ya Magharibi tulikuwa watatu ndani ya chumba, dada wa Kisumu akitia kaa kwenye mifuko myeusi, simu ya Mfaransa ikaita. Kule kwao ilikuwa bado mchana. Niliiangalia ikitetemeka mezani.

"Pokea," mume wangu akasema. "Mwambie wamefika salama."

Inabidi nieleze hili kwa asiye wa kwetu. Kwetu sisi habari mbaya haitupwi kwa simu. Mtu akifariki Unguja, huku unaambiwa hali yake si nzuri, fanya uje. Njiani unaambiwa amezidiwa. Ukifika unaona majamvi yametandikwa na huhitaji kuambiwa tena. Si uongo. Ni kumshika mtu mkono ateremke ngazi asianguke. Mume wangu hakutaka kumdanganya yule mtu. Alitaka kumshusha taratibu, leo wamefika, kesho wengine wamelegea, wiki ijayo lililobaki. Nilimwelewa kabisa. Lakini Jumatatu ya yule mtu haikuwa na ngazi.

Nikapokea. Nikasalimia. Akaniuliza mara moja, bila habari za watoto: wamefika vipi? Nilifungua mdomo, na mume wangu, aliyeyajua maneno mawili ya Kifaransa, ya kusema vizuri sana, kwa sababu nilimfundisha mimi kwa mzaha, akainamia simu akasema kwa sauti nene, "Très bien. Très bien."

Kule kukawa na kelele. Nilimsikia Mfaransa akimwambia mtu aliye chumbani naye, nadhani mkewe, kwamba wako hai, Maskati wamefika hai. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote nilisikia redio ikizimwa. Akarudi kwenye simu anacheka na kukohoa, akasema basi, fomu hii anaichana, mbele yangu, nisikilize, na nikasikia karatasi ikinyanyuliwa.

"Usichane," nikasema. "Wamekufa."

Mume wangu hakijui Kifaransa, lakini uso wangu anaujua. Alinishika kifundo cha mkono. Nikaendelea. Nilimwambia Mfaransa kwamba walifika wazima, kwamba yeye hakukosea lolote, kwamba tuliwatia kwenye maji ya bahari yetu na bahari yetu ina joto. Nilimwambia hoteli imechukua kome wa kufugwa na haitatuita tena. Niliyasema yote kwa mpigo kwa sababu nilijua nikisimama nitaanza kuyapunguza.

Nilisikia karatasi ikirudishwa mezani, na kiganja kikipita juu yake kuinyoosha.

"Basi nitatia saini Jumatatu," akasema.

"Kasemaje?" mume wangu akauliza. Bado alikuwa amenishika.

"Kasema Jumatatu anatia saini. Mashua itavunjwa."

Aliniachia. Akakaa juu ya boksi moja tupu, suruali yake bado ina chumvi iliyokauka magotini, akaangalia dada wa Kisumu anavyofunga mfuko. Nilisubiri anilaumu. Nilikuwa nimejiandaa, hata majibu nilikuwa nayo. Hakunilaumu.

"Muulize," akasema mwishowe, "atafanya kazi gani sasa?"

Nikamuuliza. Mfaransa akakohoa. Bila redio niliweza kusikia anavyopumua.

"Sijui," akasema. "Na yeye?"

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa ameinua uso, ananingoja, kama alivyoningoja kila wiki kwa miaka yote ile.

"Hajui," nikamwambia. "Anauliza, na wewe?"

Akalisogeza boksi lake karibu na simu. Niliendelea kuishika simu kati yetu, na kule Ufaransa naye hakukata.